Masta ya mzee: barua kwa mdogo wangu wa Mwanjelwa

Mdogo wangu, najua huwa unapita humu unasoma halafu unajifanya hujaona, kwaiyo leo soma mpaka mwisho.

Juzi nilikuwa nasikiliza tena santuri za Strata-East, ile lebo ya jazi, nikawakumbuka. Ile stori niliyowapigia wewe na baba mkubwa pale kibandani kwako, Charles Tolliver na tarumbeta lake, Stanley Cowell na piano, wamerekodi albamu yao ya Music Inc. wakazunguka nayo kwenye makampuni hakuna anayeitaka, ndo 1971 wakaifungua wenyewe hiyo Strata-East kule New York. (1974 ikatoa mpaka Winter in America ya Gil Scott-Heron na Brian Jackson, ile yenye The Bottle uliyokuwa unairudiarudia.) Ila huyo baba mkubwa, mzee wetu, hakushtuliwa na muziki, alishtuliwa na mkataba. Mwanamuziki analeta kazi yake, lebo inaitoa, masta, yaani ile rekodi yenyewe ya asili, inabaki mali ya mwanamuziki! Alicheka mpaka akakohoa, maana yeye ujanani alipuliza saksafoni kwenye rekodi za watu akaambulia nauli ya kurudi Mbeya. Akasema basi na sisi tufanye hivyohivyo, tukarekodi Jumapili nne sebuleni, magodoro tumeyaegesha dirishani, mvua ikipiga bati tunasubiri.

Halafu usiku ule wa msiba wa mzee. Uani watu wamejaa, nakuomba ile diski yenye rekodi zetu za sebuleni tumpigie mzee saksafoni yake, wewe unapukuchua hindi la kuchoma, hata kuniangalia huniangalii, unaniambia "braza, nafasi ilikuwa imeisha, nilifomati niweke muvi za wateja." Ukaendelea kupukuchua. Hilo hindi ndo limenishinda kusahau.

Sikatai, kibanda ndo kilimlipia mzee dawa, na mwanao namhesabu wangu. Ila nakushauri, kitu cha maana kiweke sehemu mbili. Na usiniulize mbona mimi sikuwa na kopi, mimi nilikuwa Dar, kompyuta yangu yenyewe imejaa, nilisema nakuja Pasaka na diski nyingine na Pasaka hela ikakosekana, sasa hilo nalo kosa?

Cowell alifariki Desemba 2020, piano lake tunalisikia mpaka kesho. Mzee wetu kabaki dakika mbili kwenye simu yangu, na humo anayesikika zaidi ni wewe unauliza nani kachukua chaja. Mama yako anaitaka hiyo rekodi. Nimtumie na sauti yako humohumo au nikukate?