Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Anayefiwa kwa sababu ya chanjo alipwe

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka 19 nimekuwa kliniki ya mama na mtoto, nachanja, najaza kadi, nawatuliza kina mama wanaolia kuliko watoto wao. Chanjo naiamini, na wanangu wote wamechanjwa. Ndiyo maana nakuomba upeleke bungeni sheria ya fidia kwa familia inayofiwa kwa sababu ya chanjo.

Mei 2017, huko Kapoeta Mashariki, Sudan Kusini, watoto 15 walifariki katika kampeni ya surua. Ilibainika kwamba bomba moja la kuchanganyia dawa lilitumika siku zote nne, na chanjo haikutunzwa kwenye ubaridi. Pale uzembe ulionekana. Lakini kuna vifo visivyo na mkosaji. Chanjo ya Uviko-19 ya Janssen, ambayo hapa Tanzania tulipokea zaidi ya dozi milioni moja Julai 2021, imewagandisha damu watu wachache sana duniani, na baadhi yao wakafa, hata pale mchanjaji alipofuata kila hatua. Mjane wa mtu kama huyo amshtaki nani? Mahakamani ataambiwa athibitishe uzembe ambao haukuwepo.

Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1986. Kila dozi inakatwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa inaoukinga, hivyo ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela inachangia dola 2.25. Kwa kifo, mfuko wa kodi hiyo hulipa dola 250,000, na familia haidaiwi kuonyesha nani alikosea.

Nasi tuliwahi kuwa na kinga ya namna hiyo: COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za Uviko-19, iliweka fidia isiyotafuta mkosaji kwa nchi 92, yetu ikiwemo. Ila ilihusu chanjo zilizopitia kwake tu, na COVAX yenyewe ilifungwa mwisho wa 2023. Mtoto niliyemchanja surua jana hakuwahi kuwamo.

Najua si kila kifo kinachofuata sindano kimeletwa na sindano. Vichanga hufa kwa mengi. Kwa hiyo iwepo kamati ya wataalamu, ichunguze kila dai na kumweleza mzazi matokeo kwa Kiswahili, kwa maandishi. Na dai lipokelewe hospitali ya wilaya. Mama aliyetoka kuzika asilazimike kupanda basi hadi Dodoma na kadi ya kliniki mkononi.

Wako mtiifu,
Muuguzi, kliniki ya mama na mtoto