Kichwa cha mtoto nacho kipimwe kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu watoto wachanga wenye tatizo la maji kichwani, ambao wengi hufikishwa kwa madaktari bingwa wakati kichwa kimekwisha kuwa kikubwa kiasi cha jirani yeyote kukitambua. Kufikia hapo uchunguzi hauna tena cha kugundua.

Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vyenye majimaji yanayotengenezwa na kufyonzwa kila siku. Njia yake ikiziba, iwe kwa kasoro ya kuzaliwa, kwa damu iliyovujia humo kwa mtoto njiti, au kwa makovu ya maambukizi ya siku za mwanzo, vyumba hutanuka na kuubana ubongo. Katika hospitali ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, maambukizi ndiyo yaliyoonekana kuongoza miongoni mwa sababu hizo. Kwa hiyo mtoto aliyeugua vibaya akiwa mchanga anastahili kufuatiliwa hata baada ya homa kupoa.

Kwa kuwa mifupa ya fuvu bado haijaungana, kichwa hutanuka kabla mtoto hajaonyesha dalili nzito. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na mzunguko wa kichwa wa takriban sentimita 35, nao huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi katika miezi 3 ya kwanza. Futikamba inatosha kuonyesha ongezeko lililopita kiasi. Hata hivyo, katika kliniki nilizofanyia kazi, uzito ulipimwa kila hudhurio, ilhali kichwa kilipimwa siku ya kuzaliwa tu, tena kama mkunga alikumbuka.

Panapotokea shaka, kinachofuata ni ultrasaundi kupitia utosi, kipimo kisicho na mionzi wala haja ya dawa ya usingizi. Utosi ukishafunga, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, nafasi hiyo imepotea, na mzazi hubaki kutafuta nauli ya kufuata CT, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa mionzi, hospitali ya rufaa. Njiti waliozaliwa kabla ya wiki ya 32 wapimwe hata bila dalili, maana damu huvuja zaidi katika siku 3 za mwanzo, mara nyingi kimyakimya. Si kila chumba kilichotanuka kinahitaji upasuaji. Wapo wanaofuatiliwa tu.

Ninaiomba Wizara ya Afya iagize mzunguko wa kichwa uandikwe kwenye kadi kila hudhurio, na wauguzi wa wilaya wafundishwe kuusoma mchoro wake.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Morogoro