Msigombee nyumba kwa kutumia watoto

Mhariri,

Mimi ni fundi mwashi hapa Mishomoroni, na kazi hii imenifanya shahidi wa ndoa za watu bila kupenda. Wanandoa wakiachana kwa ubaya, kila upande hunijia na swali lilo hilo: "Fundi, si wewe wajua nani alinunua mawe?" Kujua najua. Pesa za mawe, simiti na mabati hupita mkononi mwangu.

Leo naandika kwa sababu ya nyumba moja niliyoijenga kidogo kidogo, ambayo wenyewe sasa hawasemezani ila kupitia kwa mawakili. Ina vyumba sita na ukumbi katikati, vitatu vya wapangaji. Ni nyumba bila ardhi. Wasomaji wa bara huenda wakashangaa, lakini Mombasa jambo hili ni la kawaida tangu zama za mkoloni: nyumba yako, ardhi ya mtu mwingine, nawe humlipa kodi ya kiwanja. Ulicho nacho mara nyingi ni karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa wakili au mbele ya mzee wa mtaa, pamoja na risiti za kodi hiyo. Katika karatasi ya hawa, ya mwaka 2001, mna jina moja tu, la mume.

Basi mume asema nyumba ni yake. Alinunua kibanda cha udongo kwa pesa za kibarua cha bandarini, hilo ni kweli na sitamdhulumu. Lakini kibanda kile hakipo tena. Kuta za mawe zilisimama kwa pesa za mke, aliyekuwa akipika mahamri na mbaazi alfajiri, na jioni akikaanga viazi karai mlangoni. Leo alinipa shilingi 800, Ijumaa 1,200, na zamu yake ya chama cha kuchangishana pesa ikifika akanilipa mabati yote kwa mkupuo. Noti zilinuka mafuta. Risiti hakuna. Tena kazi kubwa ilikwisha kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, kwa hivyo hata ujumbe wa simu wa kumwonyesha hakimu hana.

Barazani husikia watu wakiapa kwamba siku hizi mke akiachwa hupewa nusu ya kila kitu, awe alichangia au hakuchangia. Wanaume husema hivyo kwa hasira, na wanawake wengine wameyaamini wakaenda mahakamani mikono mitupu. Si hivyo. Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kuwa Kifungu cha 45(3) cha Katiba, kinachowapa mume na mke haki sawa hata ndoa inapovunjika, hakimaanishi mali ikatwe katikati papo hapo. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Kwa bahati njema, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 haihesabu pesa peke yake: kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia biashara ya familia ni mchango pia. Sheria hiyo hiyo humruhusu Muislamu afuate sheria ya Kiislamu katika mali hiyo, na hapo ndipo hawa wawili walipopoteza muda mwingi, mume akitaka kwa Kadhi na mke akikataa. Kadhi, kwa mujibu wa Kifungu cha 170, husikiza pale tu wote wawili ni Waislamu na wote wawili wamekubali. Sitaingia zaidi humo, si kazi ya mwashi. Nitasema tu kwamba anayedhani kwa Kadhi mke hana chake amekosea, maana katika dini yetu mali ya mke ni ya mke.

Kilichonishikisha kalamu ni watoto. Wakubwa wamekwisha kuolewa, wamebaki mvulana wa miaka 13 na dada yake wa miaka minane. Mama alipoondoka alikwenda nao kwa bibi yao Likoni. Baba akabadilisha kufuli. Halafu wakaingia washauri. Mume ameambiwa kwamba atakayepewa watoto ndiye atakayepewa nyumba, kwani hakuna hakimu atakayewatoa watoto kwao. Mke naye ameambiwa na mashoga zake asithubutu kuwaacha walale kwa baba hata usiku mmoja, kwa kuwa usiku huo utahesabiwa. Sikukuu ya Idd baba alisimama upande wa kisiwani akiwangoja watoto washuke kwenye feri, hawakuletwa. Naye akalipiza kwa kuzuia karo na kufungia ndani vitabu na sare. Katika hili sina wa kumtetea.

Yule mvulana alinifuata kazini juzi, akanikuta nikipiga plasta. Akaniuliza, "Ami, nikilala kwa baba, mama atanyimwa nyumba?" Nilimwambia la. Hakuniamini, na sioni kwa nini aniamini mimi badala ya watu wazima wote wanaomzunguka.

Katiba, Kifungu cha 53, yasema malezi ni wajibu sawa wa baba na mama, wawe wameoana au hawakuoana, na maslahi ya mtoto yawe mbele. Sheria ya Watoto ya 2022 yasimama hapo hapo. Masheikh wetu wa Kishafii husema mtoto mdogo mama ndiye wa mwanzo, na akifikia umri wa kupambanua, kama miaka saba, aulizwe amtaka nani. Aulizwe kuhusu mzazi. Mabati na vyumba vya kupangisha havimo katika swali hilo. Baba asiyeletewa watoto bado adaiwa matunzo, na mama asiyeletewa matunzo bado hana ruhusa ya kuwaficha.

Naomba wazee wa mtaa na mawakili wanaoandika karatasi za nyumba bila ardhi waulize mke yuko wapi kabla ya kupiga muhuri, na nyumba ikiongezwa chumba, karatasi nayo iongezwe. Mafundi wenzangu, andikeni jina la aliyewakabidhi pesa, atie sahihi na tarehe. Siku hizi mimi hufanya hivyo, na wateja wengine hununa. Na wazazi walioachana waende kwa afisa wa watoto, waandike makubaliano ya siku za kulala, karo, nguo na matibabu, pasiwe na neno hata moja la nyumba ndani yake.

Kuhusu hawa wangu, mwenye ardhi amekataa kupokea kodi ya yeyote kati yao mpaka ajue mpangaji wake ni nani, kwa hivyo deni laongezeka huku wakivutana. Hilo wataliamua mahakamani. Lakini kufuli si lazima lingoje hukumu. Lifunguliwe nusu saa mbele ya mzee wa mtaa, watoto watoe vitabu na sare zao kabla shule hazijafunguliwa.

Fundi mwashi,
Mishomoroni, Mombasa
(Jina nimemwachia mhariri)