Barua kwa kikundi chetu: nauli ya dripu itangulie sanda

Wanangu na wadogo zangu, hamjambo.

Juzi tumetoka kumzika mwenzetu. Mchango wa msiba ulitangazwa saa nne asubuhi, na kabla ya adhuhuri sanda, turubai, mchele na basi la kupeleka watu makaburini vilikuwa vimelipiwa. Hakuna aliyeombwa mara mbili. Marehemu huyo huyo, miezi michache nyuma, aliandika kwenye kundi letu la simu kwamba amekosa nauli ya kuja Dar es Salaam kwa dripu ya tatu ya dawa za saratani ya titi. Alijibiwa kwa picha za maua, za mikono ya dua, na "Mungu atafanya njia". Nauli haikutumwa. Dripu ya tatu ikachelewa wiki tano, na ya nne hakuiona.

Sisemi kwamba angepona. Uhai una mwenyewe, na saratani yake ilikutwa imeshatembea. Lakini kikundi kilichoundwa ili wanawake washikane mkono wakati wa matibabu kimekuwa hodari wa mazishi, na hilo linaniuma kiasi kwamba nimeona niandike waziwazi, wasome na wasio wetu.

Siku 21 kati ya dripu na dripu hazikuwekwa kusumbua watu. Dawa ile hupiga chembe zinazogawanyika haraka. Za saratani ziko hivyo, lakini na za uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), za mdomo na za mizizi ya nywele ziko hivyo pia, ndiyo maana nywele hutoka na mdomo huchubuka. Wiki tatu zinautosha uboho kujijenga upya. Zikigeuka wiki saba au nane kwa sababu ya nauli, saratani nayo imepewa nafasi ya kujijenga.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kikundi ni kujua tarehe. Nunueni kauntabuku moja nene. Kila mgonjwa awe na ukurasa wake: hospitali anayotibiwa, dripu ya ngapi kati ya ngapi, tarehe ya kupima damu, tarehe ya dripu, jina la atakayemsindikiza, na kama nauli imetoka au bado. Wengi wanaoanza na dripu nyekundu, ile ya dawa yenye rangi nyekundu, hupewa nne, kisha hubadilishiwa dawa nyingine, ambayo baadhi huchomwa kila wiki kwa wiki 12 na baadhi kila baada ya wiki tatu. Yote yaandikwe. Mweka hazina asisubiri mtu aombe. Mwanamke aliyezoea kulisha wengine haombi kirahisi. Ataandika mara moja, akinyamaziwa harudii tena. Siku saba kabla ya tarehe, pesa iwe imeshaingia kwenye simu yake. Wanachama 12 walio wazima wakitoa shilingi 2,000 kila wiki, kwa wiki nne ni shilingi 96,000. Aliye kwenye matibabu asidaiwe. Na mfuko huu usiguswe kwa msiba. Msiba una mchango wake, na kama tulivyoona, haukwami.

Kipimo cha damu kifanyike siku moja au mbili kabla, huko huko aliko kama kuna maabara, majibu yapigwe picha na kliniki iulizwe kabla hajapanda basi. Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, zikiwa chini, dripu husogezwa, na mtu anakuwa amesafiri usiku kucha kwenda kuambiwa rudi wiki ijayo.

Msindikizaji naye ana kazi. Akae upande wa mkono wenye kanula, yaani kimrija cha dripu kilichoingia mshipani, na autazame. Dripu nyekundu ikivujia nje ya mshipa huunguza nyama, na kidonda chake kinaweza kuchukua miezi. Mgonjwa akisema panachoma au pamevimba, nesi aitwe palepale. Asiwepo wa kumwambia "vumilia mama, inakaribia kuisha". Mwambieni mapema kwamba mkojo utakuwa mwekundu siku ile na pengine kesho yake, kwa rangi ya dawa tu, asije akashtuka chooni peke yake. Vidonge vya kuzuia kutapika avimeze kwa saa zilizoandikwa hata kama hasikii kichefuchefu, maana kikishaanza ni vigumu kukishika. Siku mbili za kwanza dawa bado inatoka kwa mkojo na matapishi: anayesafisha avae glavu, na choo kimwagiwe maji mengi.

Sasa nije kwenye homa. Hapa mnivumilie, nitakuwa mkali.

Hesabuni kuanzia siku ya dripu. Akichomwa tarehe 3, basi kati ya tarehe 10 na 17 chembe nyeupe zinashuka hadi chini kabisa, na dripu inayofuata ni tarehe 24. Wiki hiyo ya katikati ndiyo mnayomwacha, kwa sababu kutapika kumeisha, anatembea, anacheka, mnasema ameshapata nafuu. Ndiyo wiki ya hatari kuliko zote. Chembe nyeupe zikiwa chache hata usaha hautungi, kwa hiyo maambukizi yanaweza kuingia bila jipu wala kikohozi, dalili ikawa homa peke yake.

Na kwetu homa ni malaria. Saa mbili usiku mgonjwa anasikia baridi, mtoto anatumwa duka la dawa, anarudi na panadol na mseto. Panadol inashusha joto, jasho linatoka, watu wanashukuru, wanalala. Alfajiri mgonjwa hawezi kusimama, presha imeanguka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Usiku mzima bakteria walikuwa kwenye damu. Nyumba ilikuwa na ndugu wanne wanaompenda, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambiwa. Kuwaambia ilikuwa kazi ya nani kama si yetu sisi tunaoijua wiki ile?

Kipimajoto ni kitu kidogo, kinaingia kwenye pochi. Kila aliye kwenye dripu awe nacho, kikundi kilipe. Apime asubuhi na jioni, na wakati wowote anapojisikia vibaya. Ikisoma 38 au zaidi, ni hospitali usiku huo huo. Asimeze panadol kwanza, asisubiri kukuche. Ndani ya kadi yake ya kliniki bandikeni karatasi, iandikwe kwa herufi kubwa ili hata kijana wa bodaboda aweze kuisoma kwa niaba yake: "Niko kwenye dripu za saratani. Leo ni siku ya ___ tangu nichomwe. Nina homa. Naomba nipimwe damu na nianzishiwe antibayotiki ya mshipa haraka." Malaria atapimwa hapo hapo. Aanze na hospitali iliyo karibu, mambo ya kuhamishiwa kwingine yafuate baadaye, saa zisipotee njiani.

Ninyi mnaokwenda kumwona kwa kundi, watu kumi na tano mkajaa kwenye chumba chenye dirisha moja, mmoja ana mafua, mwingine amebeba mtoto mwenye surua: wiki hiyo msiende hivyo. Wawili wanatosha, wawe wazima na wamenawa mikono. Kachumbari ya kununua, mayai yasiyoiva, maziwa yasiyochemshwa na mishkaki ya kando ya barabara viachwe mpaka wiki ipite. Anayemfaa mgonjwa siku ya kumi ni yule aliyekuja na ndoo mbili za maji, akapika mtori, akaosha vyombo, akaondoka bila kuketishwa na kuulizwa chai. Mdomo ukichubuka, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, asukutue mara nne kwa siku au zaidi, na apige mswaki laini. Ndimu na pilipili aviache.

Kuhusu mkono baada ya kuondolewa titi, wengi wetu tunaharibikiwa kwa kuhurumiwa. Ndugu wanamwambia asiusogeze, anaukumbatia kifuani miezi miwili, bega linaganda, na siku ya kuanza mionzi hawezi kuunyanyua juu ya kichwa kama mashine inavyotaka. Kuanzia siku ya pili afumbe na kufumbua kiganja, akunje na kukunjua kiwiko. Mrija unaotoa majimaji ya kidonda ukiwa bado upo, mkono usipande juu ya bega. Majimaji yapimwe kila siku kwa saa ile ile na kuandikwa. Kwa kawaida mrija hutolewa yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa siku, siku mbili mfululizo. Ukishatolewa na daktari akaruhusu, asimame akitazama ukuta, vidole vipande taratibu kama buibui mpaka pale panapovuta bila kuuma sana, ashikilie kidogo, ateremke. Pale vilipofika mwenzake achore mstari kwa mkaa. Kesho mstari mwingine. Nimeona kuta za vyumba vya kupanga zenye mistari kama ngazi, na mwenye chumba akifurahia kila mstari mpya kuliko zawadi yoyote.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kwa wiki sita asiinue, mmoja wetu amchotee. Kama tezi za kwapani zimetolewa, mkono huo unahitaji kulindwa maisha yote: sindano na kipimo cha presha vifanyiwe mkono wa pili, shambani na kwenye vyombo avae glavu, bangili na pete zinazobana zivuliwe. Ukivimba aende kwa mtu wa fiziotherapia mapema, kabla haujawa mgumu. Kupelekwa kuchanjwa chale ili "damu mbaya itoke" ni kuufungulia mkono huo maambukizi ambayo ni vigumu kwake kuyatoa.

Nimetaja chale, niseme na majani. Wapo kati yetu wanaotuma sauti usiku: chemsha majani ya mstafeli, kunywa mlonge, acha dripu zinakuchoma ini. Mnawaandikia watu msiojua hata wana saratani ya aina gani. Zipo zinazolishwa na homoni, zipo zisizo na vipokezi vya homoni kabisa, na ndiyo maana huyu anapewa tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni hiyo, na yule hapewi. Kuna aliyemgawia mwenzake vidonge vyake, eti kwa kuwa wote tuna kansa ya titi. Acheni. Anayetaka kunywa majani amwambie daktari wake jina la mti na kiasi, kwa kuwa ini linalosafisha dripu ndilo hilo hilo litakalosafisha majani. Na kikundi kiwe na sheria: anayemwambia mgonjwa aache dripu anatolewa, hata kama ni mimi.

Na jamii yetu pia nina neno nayo. Harusi ina kamati, ina katibu, ina vikao sita. Mama akipewa kliniki ya miezi minane hana hata kamati ya watu watatu. Mume anahama chumba kwa kuogopa kuambukizwa ugonjwa usioambukiza. Wifi anauliza nani kamroga. Oktoba, mwezi wa saratani ya titi, tunavaa fulana za pinki na kupiga picha, Novemba mtu anakosa pa kulala. Mashine za mionzi nchini ziko kwenye miji michache. Mwanamke wa Kigoma anayepangiwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, atakwenda Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu mpaka tano, na wiki zote hizo analala kwa nani? Chumba kimoja cha kupanga karibu na njia ya daladala, kikundi kikilipa kwa zamu, kingefanya kazi kuliko fulana mia.

Mengine nayataja tu. Kwenye mionzi, alama za wino zisisuguliwe, na manukato yasipakwe pale. Nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu; anayetaka anyolewe kabla, na wawili wetu wawepo na vitenge vya vilemba. Ganzi ya vidole ni ya dawa ya awamu ya pili, asishike sufuria la moto bila kitambaa. Tamoksifeni ni kila siku, kwa miaka isiyopungua mitano, na ikitoka damu ukeni au mguu mmoja ukavimba na kuuma, aende hospitali. Picha za makovu zisitoke nje ya kundi. Titi la bandia tushone wenyewe: kitambaa laini cha pamba, sufi ndani, na kifuko kidogo cha ulezi upande wa chini ili liwe na uzito, sidiria isipande. Kifuko kitolewe kabla ya kufua. Avae kidonda kikishapona.

Jumamosi nitakuja na kauntabuku na vipimajoto vinne vya kuanzia. Ukurasa wa kwanza umeshaandikwa: mwenzetu wa Songea, dripu ya pili tarehe 19, basi lake linafika stendi ya Magufuli usiku. Nani anakwenda kumpokea?

Mama yenu wa Temeke