Mabinti wa sokoni, barua moja tu mshachoka?

Hamjambo wajukuu zangu. Nasikia ile barua yenu ya kudai choo cha kina mama pale sokoni haikujibiwa, basi wengine mshaanza kuleft grupu mnasema wanawake hatusikilizwi. Haya tulieni niwape habari za Kate Sheppard wa New Zealand, mzaliwa wa Liverpool huko Uingereza, 1848.

Yeye na wenzie kwenye chama cha kina mama waliokuwa wanapiga vita ulevi wakataka wanawake wapige kura. 1891 wakapeleka saini zaidi ya 9,000, bunge la juu likakataa. 1892 wakarudi na karibu 20,000, mswada ukakwama tena. Wakaanza upya kubisha hodi mlango kwa mlango, mjini na mashambani, 1893 wakafika karibu 32,000 jamani, na simu hakuna ya kutumia meseji!

Petisheni kubwa ya mwaka ule Kate aliibandika mwenyewe nyumbani kwake Christchurch, karatasi kwa karatasi na gundi, akaiviringisha kwenye kipande cha mti wa fagio. Mbunge John Hall akaingia nayo bungeni akaiachia ijikunjue katikati ya waheshimiwa, ikabingirika mpaka ukutani, puu! Hapo ndo napapenda mimi, maana kulikuwa na wanaume wanasema wanawake wenyewe hata hawaitaki hiyo kura, sasa majina si hayo yamelala miguuni kwenu, someni.

Waziri mkuu Seddon bado akafanya figisu, akamgeuza mjumbe mmoja wa bunge la juu apige ya hapana, wapinzani wawili wa mswada wakakasirishwa na ule mchezo wakapiga ya ndiyo, ikapita 20 kwa 18. Bahati ilikuwepo sikatai, ila bila zile saini hata huo mswada usingefika pale. Sheria ikasainiwa 19 Septemba 1893, Novemba mwaka huo huo wanawake zaidi ya 90,000 wakapiga kura, na wanawake wa Kimaori, wenyeji wa asili wa kule, nao walipata haki hiyo.

Na hawakumaliza, maana ruhusa ya kugombea ubunge ilikuja 1919, mwanamke wa kwanza Elizabeth McCombs akaingia 1933, Kate akafariki mwaka uliofuata.

Kwa hiyo andikeni ya pili, safari hii msiwatumie watu picha ya barua kwenye simu, piteni meza kwa meza mkasainishe, muanze na wale mama wa dagaa wanaofika alfajiri. Mkija kwangu kalamu ninayo.