Tangi la kukodi na muuzaji mmoja

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika juzi katika safu hii kwamba kukodi tangi la gesi la nyumbani ni kujipunguzia mzigo amenirudisha mbali. Mimi nami nilisema hivyohivyo kwa miaka 11.

Ni karani wa stoo mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kinachoingia na kinachotoka, lakini kwa tangi nilipigwa chenga kama mtoto. Siku lilipoletwa uani, jeupe, limelala juu ya miguu yake ya chuma, ujazo wake lita 1,000, niliambiwa kufungiwa ni bure na ada ya mwaka ni kidogo tu. Nikausaini mkataba kama mtu anayesaini kitabu cha rambirambi: jina, tarehe, basi.

Mwaka wa kwanza bei ilikuwa tamu. Kisha ikaanza kupanda, nami nikatafuta muuzaji mwingine. Dereva wake alifika, akafunua kifuniko cha tangi, akasoma jina lililobandikwa pale, akakifunika taratibu. "Mzee, hili si lako. Nikiligusa, kazi sina." Alikuwa sahihi. Tangi la kampuni hujazwa na kampuni yenyewe, na mahali pengi sheria inamzuia mwingine asilijaze bila ruhusa ya mwenyewe. Sababu inaeleweka, maana mwenye tangi ndiye anayejua vali zake zilikaguliwa lini. Ila matokeo yake ni kwamba ukishakubali tangi lake, umekubali na bei yake, ya leo na ya mwakani.

Lililoniuma zaidi ni jingine. Watoto walipohama na mke wangu kutangulia mbele ya haki, nyumba ikabaki na mtu mmoja na birika moja. Gesi ya kudumu miezi ikawa ya kudumu mwaka. Ndipo ikaja bili ya kutofikisha kiwango cha chini cha matumizi. Nilitozwa kwa gesi ambayo sikuichoma! Nilipiga simu nikijua ni makosa ya karani mwenzangu, nikasomewa kifungu, na chini yake saini yangu.

Nikaamua waje walichukue. Hapo nikakutana na ada ya kulibeba na ada ya kunyonya gesi iliyobakia, na geji ilikuwa bado kwenye asilimia 35. Anayepanga kuachana na muuzaji wake aitumie gesi kwanza, ishuke chini. Lakini asiache tangi likauke kabisa. Tangi likiisha, mfumo mzima wa mabomba hupimwa uvujaji kabla ya kuwasha tena, na kipimo hicho mara nyingi hulipiwa.

Sasa nina tangi langu, la mtumba. Nusura niuziwe mbuzi kwenye gunia: la kwanza nililoonyeshwa lilikuwa limepakwa rangi mpya inayong'aa hadi juu ya kibati chake. Kibati hicho ndicho kinachobeba jina la mtengenezaji, namba ya tangi, ujazo na shinikizo linalohimiliwa. Kisiposomeka, muuzaji makini hajazi. Nililiacha lile nikanunua lenye rangi iliyochujuka na kibati safi, nikamlipa fundi alikague, akanibadilishia regyuleta, kile kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi, kwa kuwa ya zamani ilikuwa imepitwa na umri. Kutu ni yangu, rangi ni yangu, na usiku nikisikia harufu ya yai viza, yaani gesi inavuja, fundi ninayemwita ni wa kumlipa mwenyewe. Nimeisikia mara moja. Propani, ndiyo gesi yenyewe ya tangini, ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni, kwa hiyo sikugusa swichi hata moja. Nilitoka nje, nikafunga vali ya tangi, nikapiga simu nikiwa mbali na nyumba. Enzi za kukodi fundi angekuja bila kunidai, hilo nakiri.

Faida niliiona siku ya kujaza. Wauzaji watatu walinipa bei, nikachagua. Lori lilipofika nilisimama karibu na geji, ikasoma 25. Dereva akajaza hadi 80, na hapo ndipo mwisho, kwa sababu propani ikiwa katika hali ya kimiminika hutanuka joto likipanda na lazima iachiwe nafasi. Hesabu ya stoo ni nyepesi: asilimia 55 ya lita 1,000 ni lita 550. Risiti ikasema 610. Geji ya boya si mizani ya dhahabu, na mita za malori mara nyingi hurekebisha lita ziwe kama za gesi yenye nyuzi joto 15, kwa hiyo lita tano kumi sigombani na mtu. Sitini ni nyingi mno. Nikamwambia dereva kama 610 zimeingia humu, geji ingekuwa 86, naye anajua hawezi kufika huko. Akaduwaa, akaenda kuangalia mita. Haikurudishwa sifuri baada ya nyumba iliyotangulia. Akaandika risiti nyingine, akaomba radhi, nami nikampa kiti na maji ya kunywa. Tangu hapo kila dereva ananionyesha sifuri kabla ya kuvuta mpira.

Simlazimishi mtu kununua. Anayehamahama, au asiye na fedha za mkupuo, akodi. Ila kabla tangi halijagusa udongo wa uani kwake, aulize kwa maandishi: bei itakuwaje baada ya mwaka wa kwanza, kiwango cha chini ni lita ngapi, kama baadaye anaweza kulinunua tangi hilohilo, na siku akitaka waondoke atalipa nini. Muuzaji anayekasirishwa na swali hilo la mwisho ameshalijibu.

Na wewe mwenzangu wa juzi, hebu toa mkataba wako leo uugeuze nyuma. Wangu, kifungu cha kiwango cha chini kilikuwa kwenye herufi ndogo, chini kabisa ya namba za simu za dharura.

Karani wa stoo mstaafu