Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: mtoto na punda wa mnadani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Mwangaluka. Mimi ni mama lishe hapa kwetu mkoani Tabora. Siku za mnada nauza supu na chapati, Jumapili niko kanisani, Moravian.

Mnada uliopita punda alidondoka hatua chache kutoka jikoni kwangu. Tela lilikuwa na madumu ya maji 22. Dumu ni lita 20, piga hesabu: kilo 440, na bado kuna mtu alikuwa ametupia gunia la mkaa juu. Kijana aliyemwongoza, mdogo kuliko mwanangu wa darasa la sita, akaanza kumcharaza. Watu wakacheka. Nilipomshika mkono nikakuta unatetemeka. "Mama, haya yasipofika kabla ya saa sita tajiri hanilipi." Alikuwa hajala tangu jana yake.

Nikampa supu. Punda nikampa maji, akamaliza ndoo mbili bila kuinua kichwa. Maji anayabeba yeye kutwa nzima, na mnada mzima hauna hata karai la kumnyweshea.

Nikiri: ninachouza ni nyama, kwa hiyo sijaja kuhubiri watu waache kula. Ila kwenye Biblia yangu kuna Kutoka 23. Mstari wa 5 unaniagiza nikimkuta punda wa mtu anayenichukia amelala chini ya mzigo, nisimpite. Mstari wa 12 ndio ulioninyima usingizi: siku ya saba ni ya kupumzika ng'ombe na punda, pamoja na mtoto wa mjakazi na mgeni. Wote katika sentensi moja! Mimi nilizoea kuwahurumia mmojammoja, mtoto Jumapili, punda nikikumbuka. Kumbe anayemmaliza mtoto yule ndiye anayemmaliza na punda, kwa mzigo uleule na kwa haraka ileile.

Na Tabora, Mheshimiwa, tunaujua mzigo. Misafara ya pembe za ndovu ilipita hapa kwenda Bagamoyo, mabegani mwa Wanyamwezi, na watumwa wakasukumwa njia hiyohiyo.

Sheria zipo. Ya Ustawi wa Wanyama ni ya mwaka 2008, ya Mtoto ni ya 2009, nayo hairuhusu aliye chini ya miaka 14 aajiriwe. Ushuru nao unakatwa kwa kila ng'ombe anayeuzwa. Katika hela hiyo naomba birika la maji la saruji na kivuli cha kufungia wanyama. Naomba pia mteremko wa kupandishia ng'ombe kwenye malori, maana sasa wanavutwa kwa mkia na wengine huvunjika mguu kabla safari haijaanza. Afisa mifugo awepo siku ya mnada, si kesho yake. Yule kijana simtaki akamatwe. Nataka aulizwe kwa nini hayuko shule, na tajiri wake aulizwe kwa sauti kubwa zaidi.

Wapo watakaokwambia mama huyu ana huruma za kizembe, wanyama ni wanyama tu. Njoo mwenyewe, usitanguliwe na taarifa, maana ukitangazwa uwanja utafagiliwa na matela yatafichwa.

Jiko langu liko chini ya mwembe, upande wanaoshushia mbuzi. Bakuli lako nitalifunika.

Mama lishe wa mnadani